Altimita inayosoma 61 pale uwanja wa Moi

Msomaji wetu wa Tudor, Mombasa, ameuliza hivi:

"Asalaam aleikum mwalimu, na shikamoo. Nina simuleta ya ndege ya X-Plane 12 kwenye kompyuta, na kando yake skrini ya mtumba ya inchi 17 ambayo nimeifanya dashibodi kwa kutumia programu ya Air Manager. Nimeshusha geji za Cessna Caravan zilizochorwa na watu mtandaoni, maana Caravan ndiyo ndege niliyozoea kuiona ikitua Ukunda. Shida ni kwamba hazisemi kweli. Nikiwa nimesimama uwanja wa ndege wa Moi, altimita inasoma 61, na nikizungusha kitufe cha presha mshale hautikisiki. Nikisukuma nguvu ili niruke, mshale wa toki unapita mstari mwekundu, ilhali ndani ya ndege yenyewe kwenye skrini kubwa kila kitu kiko shwari. Mpwa wangu ni fundi wa Arduino, zile bodi ndogo za kuendeshea mota na swichi, ananiambia niachane na skrini ninunue mota tutengeneze geji za kushikika. Nifuate lipi?"

Waleikum salaam, na marahaba.

Kwanza, geji hizo usizitupe. Zinasoma sawasawa kile zinachopewa, ila zinapewa namba isiyo yao. Na jibu la altimita umeliandika mwenyewe ndani ya swali. Uwanja wa Moi uko futi 200 juu ya usawa wa bahari, na futi 200 ni mita 61. Geji yako inalishwa mita ilhali uso wake umechorwa kwa futi.

X-Plane ikiwa inaenda huwa inahesabu maelfu ya namba kwa wakati mmoja, na kazi ya Air Manager ni kuomba chache kati ya hizo na kuzigeuza ziwe mshale unaozunguka. Kila namba ina jina refu lenye mikwaju. Moja inaitwa sim/flightmodel/position/elevation. Hiyo ni kimo halisi cha ndege, kwa mita, na haina habari kabisa na presha ya hewa. Nyingine inaitwa sim/cockpit2/gauges/indicators/altitude_ft_pilot. Hiyo ni kile ambacho altimita ya rubani ingeonyesha, kwa futi, pamoja na presha ya hewa aliyoiweka kwenye dirisha dogo la altimita na makosa yote ya kifaa chenyewe. Aliyechora geji yako amechukua ile ya kwanza. Ndiyo maana kitufe hakifanyi kitu: unabadilisha presha kwenye geji iliyounganishwa na namba isiyojali presha.

Dawa yake ni fupi. Ndani ya Air Manager, inakili geji hiyo kwanza upate nakala yako ya kuhariri, kisha fungua maandishi yake ya Lua, yaani lugha ya programu iliyoandikiwa geji, tafuta lile jina la kwanza na uweke la pili. Hifadhi, rudi uwanjani, weka presha ya siku hiyo. Mshale mrefu ukikaa kwenye 2, umemaliza.

Lakini usiishie Mombasa. Altimita ya kawaida ina mishale mitatu: mrefu unazunguka duara zima kila futi 1,000, mfupi kila futi 10,000, na kile kialama cha tatu kila futi 100,000. Kwa digrii, ni futi mara 0.36, mara 0.036 na mara 0.0036. Ukiwa Mombasa mshale mrefu unapaswa kuwa digrii 72 kutoka juu kabisa, na mfupi karibu haujaondoka mahali pake, kwa hiyo hata kama mtu amekosea hesabu ya mshale mfupi huwezi kugundua. Sisi wa pwani tunadanganyika kirahisi namna hiyo, viwanja vyetu vyote viko chini. Ihamishe ndege mpaka Wilson, Nairobi, futi 5,536. Hapo mshale mrefu lazima uwe digrii 193, yaani umepita 5 kidogo, na mfupi uwe katikati ya 5 na 6. Geji iliyofaulu Mombasa na Wilson pia, nitaiamini popote.

Sasa toki, yaani nguvu ambayo injini inaizungushia propela. Uso wa geji ya Caravan yenye injini ya PT6A-114A umechorwa kwa futi-paundi, na mstari mwekundu uko 1,865 propela ikizunguka mara 1,900 kwa dakika. X-Plane yenyewe inatoa toki kwa nyutoni-mita; jina la namba hiyo linaishia na n_mtr, na hapo ndipo unapopaswa kushtuka. Futi-paundi 1,865 ni nyutoni-mita 2,529. Ukiimwaga 2,529 kwenye uso unaoishia karibu na 1,865, mshale utapiga ukutani. Kwa kweli toki yako ikivuka futi-paundi 1,375 tu, geji itakuonyesha umevunja sheria. Zidisha namba inayoingia kwa 0.7376 kabla haijageuzwa kuwa digrii.

Ila kabla hujafanya hivyo hakikisha Caravan uliyonunua ni ipi. Ile ya 675 nguvu farasi ndiyo yenye mstari kwenye 1,865. Grand Caravan EX ina injini kubwa zaidi, ya nguvu farasi 867, na mstari wake mwekundu hauko pale pale. Tena baadhi ya watengenezaji wa ndege za kununua hawatumii namba za kawaida za X-Plane kwa injini. Wanaanzisha zao, zenye majina yao. Ukiona geji imesahihishwa na bado haiendani na ile ya ndani ya ndege, tafuta kwenye kijitabu kilichokuja na ndege kama kuna namba maalumu ya toki.

Wenzetu wa Microsoft Flight Simulator hili haliwasumbui sana, kwa sababu kule geji ikiomba namba inataja na kipimo inachokitaka: nipe mwendo kwa noti (maili za bahari kwa saa), nipe kimo kwa futi. X-Plane inakupa kilichopo jikoni. Kwa hiyo chukua jioni moja upitie geji zako zote, moja baada ya nyingine, na kila moja uiulize maswali mawili: namba hii ni ya kipimo gani, na je, ni ya kundi la cockpit2 au la flightmodel?

Kwa nini naling'ang'ania hilo kundi? Kwa sababu flightmodel ni ukweli wa ndege, na cockpit2 ni kile rubani anachokiona. Kuna siku utataka kujifunza kuruka ukiwa na hitilafu. Utaiambia simuleta izibe mrija wa pito, ule unaotokeza nje kupima hewa ya mbele. Huku kwetu hilo halitokani na barafu. Nyigu wa matope hupenda matundu kama hayo, ndiyo maana utaona ndege iliyoegeshwa imevalishwa kifuniko chenye utepe mwekundu. Ukiziba mrija, geji iliyounganishwa na flightmodel itaendelea kukupa mwendo halisi, mazoezi yote yawe bure. Geji nzuri ya simuleta lazima iwe na uwezo wa kudanganya kama ya kweli inavyodanganya.

Tukiwa bado kwenye altimita, dirisha la presha linahitaji kazi ya ziada ukiwa Kenya. Geji nyingi za mtandaoni zimechorwa na Wamarekani, wenye dirisha la inchi za zebaki: 29.92 ikiwa ndiyo presha ya kawaida. Mnara wa Mombasa utakupa hektopaskali, na kwenye VATSIM, mtandao wa wanaoruka kwa simuleta, mwongozaji wa ndege atakupa hivyo hivyo. Akisema QNH 1011, yaani presha ya kuweka dirishani, wewe unaanza kutafuta kikokotoo huku unashuka kuelekea barabara ya kutulia ya 03. Hapana. Lichore dirisha upya.

Namba ya presha ndani ya X-Plane iko kwa inchi, jina lake linaishia barometer_setting_in_hg_pilot. Izidishe kwa 33.8639 upate hektopaskali, uikate isiwe na desimali, uiandike dirishani. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili watu wengi huisahau, nayo ni kitufe. Amri ya kawaida ya kupandisha presha inasogeza inchi 0.01 kwa kila mdundo wa kitufe, na hektopaskali moja ni karibu inchi 0.03. Maana yake utazungusha midundo mitatu ili dirisha libadilike kwa moja, na kitufe kitaonekana kizembe, kama kimelegea. Acha ile amri. Namba yenyewe inakubali kuandikiwa, kwa hiyo kila mdundo uongeze au upunguze 0.02953 moja kwa moja. Utahisi tofauti siku hiyo hiyo.

Na usidhani hektopaskali ni mapambo. Karibu na usawa wa bahari, kila moja ni kama futi 27 mpaka 30. Presha ya siku ikiwa 1009 na wewe umeacha 1013, altimita itakuambia uko futi mia na kitu juu zaidi ya ulipo. Ukiwa unaingia usiku juu ya maji, futi mia ni nyingi.

Geji ya mwendo sijui kama umeigusa, kwa kuwa hukulalamika. Nina shaka nayo zaidi kuliko hizo mbili ulizozitaja. Kosa lake halionekani ukiwa umesimama. Mchoraji mvivu hupima mwanzo na mwisho wa uso, halafu anaandika fomula ya mstari mnyoofu: noti kadhaa, digrii kadhaa. Uso wa kweli hauko hivyo. Namba zake zimeachana sehemu moja na kubanana sehemu nyingine.

Tuseme kwenye picha ya uso wako noti 40 iko digrii 30 kutoka juu, 60 iko digrii 70, 100 iko digrii 160, 140 iko digrii 235, na 175, ambao ndio mwendo wa juu kabisa wa Caravan, iko digrii 290. Ukitumia mstari mnyoofu kutoka 40 hadi 175, miisho yote miwili itakuwa sahihi kabisa. Lakini ndege ikienda noti 100, mshale utakaa digrii 146 hivi, mahali ambapo uso unasoma 94. Ukija kutua kwa noti 80, utasoma 76, utaongeza nguvu usizozihitaji, na utaelea juu ya barabara ukijiuliza ndege imekuwaje leo.

Njia ya kulimaliza ni kutengeneza jedwali. Fungua picha ya uso kwenye programu yoyote ya kuchora yenye kipimo cha pembe, weka kitovu katikati, pima digrii za kila alama ndefu, uandike jozi zake: noti kwa digrii. Lua ya Air Manager ina kazi maalumu ya kusoma jedwali la namna hiyo, inaitwa interpolate_linear, nayo inakisia yaliyo kati ya alama mbili. Alama saba au nane zinatosha, lakini zisongamane zaidi pale unaposoma sana, yaani kati ya noti 60 na 100. Huko juu karibu na 175 weka moja tu. Huna biashara huko.

Mshale nao una ujanja wake. Programu huzungusha picha kwenye kitovu cha picha, haijui wapi msumari wa mshale ulipo. Ukichora mshale peke yake kwenye picha nyembamba, utazunguka kwa kuyumba, na chini utasoma vizuri ilhali juu umekosea. Chora mshale ndani ya mraba ulio sawa na uso, tuseme 512 kwa 512, msumari ukiwa katikati kabisa, na sehemu iliyobaki iwe wazi bila rangi. Faili iwe PNG. Ukiona geji inakosea upande mmoja na kusoma sahihi upande wa pili, karibu kila mara ni msumari uliohama.

Hizo ndizo kazi nzito. Geji ya kupanda na kushuka, ya kona yenye gololi, na ya mwelekeo hazina mitego mingi; chagua namba za cockpit2, angalia kipimo, songa mbele. Upeo bandia unataka tu picha kubwa ya anga na ardhi isiyoisha ukiinamisha ndege sana.

Rangi za uso ni suala la subira. Tao jeupe la flapu, tao la kijani, mstari mwekundu, vyote vitoke kwenye kitabu cha ndege yenyewe, usiige geji ya jirani. Cessna 172S mstari wake mwekundu ni noti 163, na utaukuta umebandikwa kwenye ndege za kila aina huko mtandaoni kwa sababu 172 ndiyo iliyochorwa na wengi kwanza. Mimi napenda nyeupe ya namba isiwe nyeupe sana. Nyeupe ya kompyuta inachoma macho usiku. Ipunguze iwe ya krimu kidogo, na geji itaonekana ya zamani kama zile zilizoruka sana.

Sasa nije kwa mpwa wako. Ana haki yake, na nitampa kazi, lakini sio ile anayoitaka.

Jicho linaridhika na picha. Mshale wa kwenye skrini uliochorwa vizuri, ukiwa nyuma ya bamba lenye tundu la mviringo, jicho halibishani nao baada ya dakika chache. Mkono ndio usiokubali. Kuzungusha kitufe cha presha kwa mausi ni adha isiyo na mfano, unakodolea macho alama ndogo huku ndege inakwenda kombo. Kwa hiyo pesa na saa za mpwa ziende kwenye vitufe na swichi. Geji zibaki picha.

Mota zina gharama zisizoonekana dukani. Ile mota ndogo ya bei nafuu, 28BYJ-48, ina hatua 2,048 kwa mzunguko, ambazo ni nyingi za kutosha, lakini haijui iko wapi inapowashwa. Lazima uiwekee kihisi cha kuiambia sifuri ni hapa. Zile za dashibodi za magari, X27.168, zina ukuta wa ndani wa kugongea sifuri, tena hazipigi kelele, ila zinazunguka digrii 315 tu. Kwa toki zinafaa sana. Kwa altimita haziwezi, maana mshale wake hauna mwisho. Halafu mishale mitatu kwenye kitovu kimoja inataka mirija ndani ya mirija na gia za kuchonga. Watu wanafanya, na kazi zao zinapendeza, lakini ni hobi nyingine kabisa, na wengi wanaoianzia huko huacha kuruka. Na akikaidi, umeme wa mota usitoke kwenye Arduino. USB ya kawaida hutoa miliampia 500. Mota moja ya aina ile ya kwanza inakula zaidi ya 200. Atumie chanzo tofauti cha volti 5, aunganishe tu waya hasi wa pande zote mbili.

Kazi ninayompa ni hii. Arduino Mega, enkoda (vitufe vya kuzungusha visivyo na mwisho) mbili au tatu zenye midundo, swichi za taa na betri, na programu ya MobiFlight, ambayo ni ya bure na inazungumza na X-Plane pamoja na Microsoft. Enkoda ya kwanza iwe ya presha. Aangalie jambo moja: enkoda hazifanani, nyingine hutoa mipigo minne ndani ya mdundo mmoja wa kidole, nyingine miwili. Ndani ya MobiFlight kuna pahali pa kuchagua aina. Akichagua visivyo, utazungusha mara moja na namba iruke mbili, au uzungushe mara mbili ndipo iamke. Kosa hilo nimeona watu wakilitupia lawama waya, wakalehemu upya mchana kutwa.

Skrini yako ya inchi 17, kama ni ile ya zamani ya pikseli 1280 kwa 1024, imekaa kama imetengenezwa kwa kazi hii. Pikseli yake moja ni milimita 0.264. Tundu la geji kubwa ya ndege ni inchi 3 na moja ya nane, yaani milimita 79, kwa hiyo kila geji uipe pikseli 300 za kipenyo na itakuwa na ukubwa wa kweli. Tatu zikikaa kwa safu, na nafasi kati yake, zinachukua kama sentimita 26 za skrini yenye upana wa karibu 34. Safu mbili zinaingia na bado pembeni unabakiwa na ukanda wa kuweka toki, joto la injini na mafuta, ambazo ni geji ndogo za inchi 2 na robo.

Bamba la mbele liwe jembamba, milimita 3, plaiwudi nzuri au plastiki ngumu. Mafundi wa mabango mjini wenye mashine ya leza watakukatia matundu yote kwa mchoro mmoja. Wapelekee vipimo kwa milimita. Kabla ya kupeleka, chapisha mchoro kwenye karatasi, toboa matundu kwa wembe, uubandike juu ya skrini geji zikiwa zinawaka, na ukae kwenye kiti chako. Ukiona uso umekatwa upande wa juu au chini, ni kwa sababu macho yako hayako mbele ya skrini, yako juu yake. Ng'oa fremu ya plastiki ya skrini ili bamba liguse kioo, na uilaze skrini kidogo ikutazame. Skrini za zamani nyingi hupoteza rangi ukizitazama kutoka juu au chini, kwa hiyo mlazo huo unakusaidia mara mbili. Rangi ya bamba iwe kijivu au nyeusi isiyong'aa, maana inayong'aa itakuonyesha taa ya chumba badala ya geji.

Kama kompyuta yako inaanza kukwamakwama ukiwasha geji zote, Air Manager inaweza kukaa kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, ikaendesha skrini ya pili peke yake. Unganisha kwa kebo ya mtandao, si kwa Wi-Fi; kwenye nyumba za kupangana kama za Tudor mawimbi ya majirani yamejaa, na mshale utakuwa ukiruka kwa vishindo.

Chumvi ya bahari usiidharau. Waya zilizobanwa tu bila kulehemu huota kijani, na dalili zake ni za kuudhi: swichi inafanya kazi asubuhi, jioni inagoma. Lehemu kila kiungo, fungia Arduino kwenye kisanduku, tupia vifuko vya kukausha unyevu vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukiamua kuchapisha vitufe kwa mashine ya 3D, plastiki ya PLA huanza kulegea ikikaribia digrii 60 za joto. Chumbani ni salama hata wakati wa kaskazi, ila ukiviacha kwenye gari lililoegeshwa juani Ganjoni utavikuta vimepinda.

Na umeme. Weka UPS ndogo, hasa ukitumia Raspberry Pi, kwa sababu kadi yake ya kumbukumbu inaweza kuharibika umeme ukikatika ghafla. Ukimaliza kupanga geji, nakili kadi nzima pamoja na folda ya geji ulizohariri kwenye diski nyingine, tena uzipe jina tofauti na za asili, maana geji ya kushusha ikija na toleo jipya hutaki ifute jedwali lako la noti.

Mambo yote yakikaa sawa, jaribio lenyewe ni fupi. Ruka kutoka barabara ya 21 kuelekea Ukunda, kama maili 15 za bahari tu. Funika geji za ndani ya ndege kwenye skrini kubwa, uruke kwa bamba lako peke yake. Panda mpaka futi 1,500, tulia hapo, kisha zifunue na ulinganishe: mwendo, kimo, toki, upandaji. Tofauti ya upana wa mshale iache. Ikizidi hapo, rudi kwenye jedwali la geji hiyo moja, na nyingine usiziguse.